Kesi ya mtu aliyekunywa kahawa msibani

Kuna riwaya watu wanazitaja kwa sauti ya ibada, yaani ukitabasamu wakati unasoma unaonekana umekosa adabu, na L'Étranger ya Albert Camus ndo inaongoza hilo kundi. Ilitoka Paris mwaka 1942, Wajerumani wakiwa wameikalia Ufaransa, wachapishaji ni Gallimard, mwandishi ana miaka 28 na kazaliwa na kukulia Algeria. Toka siku hiyo imepakwa falsafa tabaka juu ya tabaka, mtu akikusimulia utasikia upweke wa binadamu, maisha yasiyo na maana, ulimwengu usiomjali mtu, basi unakata tamaa hata kabla hujafungua ukurasa wa kwanza. Mi nasema hivi: hiki kitabu kinachekesha. Kinachekesha vibaya, kile kicheko cha kuangalia pembeni kwanza nani anakuona, na nadhani hicho kicheko ndo mtego aliotutegea Camus, awe alikusudia au hakukusudia, na hilo la pili nitalirudia maana ndo lililonifanya niandike.

Kwa ambaye hajaisoma. Jamaa anaitwa Meursault, karani wa ofisi ya mambo ya meli pale Algiers, Mfaransa wa kizazi cha walowezi. Mama yake kafia kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Marengo, kilomita kama themanini kutoka mjini. Anaenda kuzika, halii. Kesho yake anaenda kuogelea, anakutana na Marie aliyewahi kufanya naye kazi, jioni wanaenda sinema kuangalia filamu ya Fernandel, yule mchekeshaji wa Kifaransa mwenye meno ya farasi, usiku wanalala pamoja. Baadaye anaingia urafiki na jirani yake Raymond, kuwadi anayejiita mtunza stoo, na kupitia huyo Raymond anajikuta ufukweni, jua la mchana, bastola mfukoni, mbele yake kijana wa Kiarabu mwenye kisu. Anapiga risasi moja. Anatulia kidogo, afu anaongeza nne kwenye mwili ambao umeshalala. Anakamatwa, anahojiwa, anapelekwa mahakamani, na huko mahakamani ndo vituko vinapoanza, maana kesi ya kuua mtu inageuka kuwa kesi ya kutolia msibani.

Watu wanasema Meursault hajali chochote. Si kweli bwana. Anajali sana, ila anajali vitu vidogo. Pale kazini kuna taulo moja la kuzunguka linalotumiwa na wote kufutia mikono, mchana linakuwa kavu, jioni linakuwa limelowa, na yeye hilo lilimkera kiasi cha kwenda kumwambia bosi. Bosi akamjibu kwamba inasikitisha lakini ni jambo dogo. Sasa huyohuyo bosi akaja siku nyingine kumpa nafasi ya kwenda kufanya kazi Paris, maisha mapya, jamaa akasema kwake ni sawa tu, hata asipoenda. Marie akamuuliza unataka kunioa? Akasema kwake haina tofauti, kama Marie anataka basi waoane. Ukiweka hizo sehemu pamoja unaona Camus anavyocheza: taulo limepata msimamo, ndoa haijapata. Hiyo ni komedi, na ni komedi ya hali ya juu kwa sababu anayesimulia hajui kama anachekesha.

Na hivyohivyo toka mwanzo kabisa. Anaomba ruhusa ya siku mbili za mazishi, anaona bosi kanuna, anamwambia "si kosa langu". Halafu anaanza kuwaza kwamba hakupaswa kusema hivyo. Kwenda msibani hana tai nyeusi wala kitambaa cheusi cha mkononi, anapanda kwa rafiki yake Emmanuel kuazima, maana Emmanuel alifiwa na mjomba miezi michache nyuma kwa hiyo vifaa anavyo. Pale mochwari mlinzi anamuuliza afungue jeneza amuone mama yake, anasema hapana, mlinzi anauliza kwanini, anajibu hajui. Wanakaa, mlinzi analeta kahawa ya maziwa, jamaa anapenda kahawa ya maziwa, anakunywa. Anatamani sigara, anajishauri kidogo kama ni sawa kuvuta mbele ya marehemu, anaona haina shida, anampa na mlinzi moja, wanavuta. Kumbuka hiyo kahawa. Itakuja kumuua.

Kwenye maziko yenyewe kuna mzee Pérez, aliyekuwa kama mchumba wa mama pale kituoni, wazee wenzao walikuwa wakiwatania. Anachechemea, gari la maiti linamwacha, lakini kwa kuwa anakijua kijiji anakata njia za mkato kwenye mashamba, anapotea, anaibukia mbele, anaachwa tena, anapotea tena, mwisho anazimia. Unaisoma unacheka na unajisikia vibaya, kwa sababu huyu mzee ndo mwenye uchungu wa kweli pale na Camus kampa mwendo wa mchekeshaji wa sinema bubu. Kuna na jirani mwingine, Salamano, na mbwa wake mwenye ugonjwa wa ngozi, miaka minane wanaishi chumba kimoja mpaka wamefanana, mara mbili kwa siku wanatoka kutembea huku mzee anamtukana na kumpiga. Mbwa akipotea, mzee anachanganyikiwa. Usiku Meursault anasikia ukutani sauti ya ajabu, anaelewa kwamba mzee analia. Anasema hajui kwanini wakati huo alimkumbuka mama yake. Afu ilibidi aamke mapema kesho yake, hakuwa na njaa, akalala bila kula. Mistari miwili tu, kwisha. Kwangu hapo ndo msiba wa mama yake ulipo kwenye kitabu kizima, mtu kakosa hamu ya kula kwa sababu jirani analilia mbwa, na yeye mwenyewe hana habari kama anaomboleza.

Nadhani msomaji wa huku kwetu analielewa hili haraka kuliko wengi. Sisi msiba una kanuni zake na kila mtu ni askari wa kanuni. Nani kafika saa ngapi, nani kalia, nani kalia sana mpaka ikaonekana anaigiza, nani alikuwa anachezea simu, mjane alikula au hakula, na yule kijana mbona macho makavu, lazima kuna kitu anakijua. Mke akifa ghafla na mume asitoe chozi, kabla ya siku arobaini mtaani kesi imeshasikilizwa na hukumu imetoka. Kwa hiyo tukifika kwenye ile mahakama ya Algiers hatuoni ajabu ya Kifaransa, tunaona mashangazi wamevaa majoho.

Basi twende mahakamani, maana ndo sehemu ninayoipenda zaidi. Kwanza anapita kwa hakimu wa kumhoji kabla ya kesi. Huyu hakimu anaanza vizuri, mpole, afu anachomoa msalaba wa fedha kwenye kabati na kuanza kuupunga mbele ya mtuhumiwa akitaka atubu, anauliza unamwamini Mungu, jamaa anasema hapana, hakimu anapandwa na jazba, anauliza kwa kelele unataka maisha yangu yakose maana? Yaani mshtakiwa wa mauaji kakaa kimya anasikiliza joto na nzi, na mwenye shida ya roho ni hakimu. Anamuuliza kama anajutia, Meursault anafikiri kidogo na kusema kuliko majuto anachohisi ni aina fulani ya kuchoshwa. Upelelezi ukachukua miezi kumi na moja, na wakazoeana, hakimu akawa anamsindikiza mlangoni, anampiga bega na kumwambia leo imetosha bwana Mpinga Kristo. Mtu anatafutwa kichwa chake na anatungiwa jina la utani. Meursault mwenyewe anasema alikuwa anahisi kama amekuwa mmoja wa familia, na anaongeza kwamba ilikuwa hisia ya kichekesho.

Siku ya kesi mwandishi wa habari mmoja anamsalimia kwa urafiki kabisa na kumweleza kwamba wameikuza kidogo stori yake, kiangazi magazeti hayana habari, na habari za maana zilikuwa mbili tu, yake na ya mtu aliyemuua baba yake. Hii siyo Camus kabuni hewani. Yeye mwenyewe alikuwa ripota wa gazeti la Alger Républicain kuanzia 1938, akaripoti kesi kubwa za 1939 kama ile ya Hodent, mtumishi aliyeshtakiwa wizi, na ile ya sheikh El Okbi, aliyeshtakiwa kuhusika na mauaji, anajua mahakama ya kikoloni inanuka vipi, anajua meza ya waandishi inavyopikwa. Kwa hiyo ukisoma feni zinavyozunguka, wazee wa baraza wanaojipepea, na Meursault anayewaona kama abiria wa tramu wanaomkagua abiria mpya aliyepanda wakitafuta cha kumcheka, jua kwamba mwandishi alikaa kwenye mabenchi hayo kwa mshahara.

Mashahidi wanaanza. Mkuu wa nyumba ya wazee anasema mtuhumiwa alikuwa mtulivu sana, hakutaka kumwona mama yake, hakulia, hakujua hata umri wake. Mlinzi anasema alivuta sigara, akalala, akanywa kahawa. Mwendesha mashtaka anaishika hiyo kahawa. Wakili wa utetezi anauliza, na wewe mlinzi ulivuta naye? Mlinzi anakubali kwa aibu, kisha anakiri kahawa yenyewe aliileta yeye. Mwendesha mashtaka anaokoa jahazi papohapo: ndiyo, mgeni anaweza kukaribisha kahawa, lakini mtoto alipaswa kuikataa mbele ya maiti ya aliyemzaa. Afu anaitwa mzee Pérez. Anaulizwa, ulimwona akilia? Hapana. Wakili anasimama kwa hasira anauliza, je ulimwona ASIPOLIA? Mzee anasema hapana. Ukumbi ukacheka.

Hiyo swali na jibu naiona ndo kitovu cha kitabu. Huwezi kushuhudia machozi ambayo hayakutoka, na bado watu kumi na kitu wazima wamekaa na joto kali wanajaribu kufanya hivyo kwa mujibu wa sheria. Na wakili, maskini, akija kuuliza mteja wangu ameshtakiwa kwa kumzika mama yake au kwa kuua mtu, watu wanacheka tena, na mwendesha mashtaka anajibu kwamba namshtaki mtu huyu kwa kumzika mama yake akiwa na moyo wa mhalifu. Kelele ukumbini. Kesi imeisha hapo, mengine ni mapambo. Anafika hadi kusema kwamba mtu anayemuua mama yake kimaadili yuko sawa na yule aliyemuua baba yake ambaye kesi yake inasikilizwa kesho, kwa hiyo huyu ana hatia hata ya hayo mauaji ya kesho. Soma tena. Jamaa anaongezewa maiti ya mtu asiyemjua, kwenye kesi ambayo haijaanza.

Na Meursault? Anasikiliza kama anasikiliza habari za mwingine. Wakili wake akisema kwenye utetezi "ni kweli niliua" anashtuka, anamuuliza askari mbona anasema mimi, askari anamjibu mawakili wote hufanya hivyo. Nje muuza ice cream anapuliza tarumbeta yake na akili ya mshtakiwa inamfuata huko. Aliporuhusiwa kueleza kwanini aliua akasema, akijua kabisa anachekesha, kwamba ilikuwa kwa sababu ya jua. Watu wakacheka. Hukumu ikasomwa: kichwa chake kitakatwa kwenye uwanja wa hadhara kwa jina la watu wa Ufaransa. Kijidokezo hapa, Ufaransa ilikuwa imeshafuta kukata watu vichwa hadharani Juni 1939, baada ya fujo za watazamaji siku muuaji Weidmann alipokatwa kichwa kule Versailles, na Camus alikuwa bado anaandika, riwaya kaimaliza Mei 1940. Alijua au aliacha kusudi, mi naona kaacha kusudi, maana mtu aliyehukumiwa kwa kukosa kuigiza hadharani inafaa afie hadharani.

Sasa mpaka hapo tunacheka upande wa Meursault. Mahakama ni ya kipuuzi, mashahidi ni wa kipuuzi, yeye pekee hajidai. Camus mwenyewe kwenye utangulizi aliouandika 1955 kwa ajili ya toleo la Marekani alisema huyu ni mtu anayekataa kusema uongo, na akaenda hadi kumwita Kristo pekee tunayestahili. Tafsiri hii ikakamata, walimu wakaifundisha, na mpaka leo ukimtaja Meursault unaambiwa shujaa wa ukweli.

Hapana. Meursault anasema uongo, tena kwenye maandishi, tena polisi.

Turudi nyuma. Raymond ana mwanamke wake, Mwarabu, anaamini anamdanganya, keshampiga, anataka amkomoe zaidi kwa kumwandikia barua ya kumvuta arudi ili amdhalilishe. Barua hajui kuiandika. Anamkaribisha Meursault kula soseji za damu na mvinyo, na Meursault anakubali kwa sababu itamwepusha na kupika. Naomba usiipite hiyo, jamaa kaingia kwenye mnyororo unaoishia kwenye kifo cha mtu kwa sababu ya uvivu wa kukaanga. Anaiandika barua, anajitahidi imridhishe Raymond kwa kuwa hana sababu ya kutomridhisha. Mwanamke anakuja, anapigwa mpaka jengo zima linasikia, Marie anamwambia Meursault aite polisi, anasema hapendi polisi. Polisi wanakuja kwa kuitwa na mwingine. Kisha Raymond anamwomba akatoe ushahidi kituoni kwamba yule mwanamke alimkosea. Anaenda, anatoa. Raymond anaachiwa kwa onyo tu, na maelezo ya Meursault hakuna aliyehangaika kuyahakiki.

Kijana aliyeuawa ufukweni ni kaka wa huyo mwanamke. Angalau ndivyo Raymond anavyosema. Kwa hiyo huyu "asiyesema uongo" alithibitisha mbele ya polisi jambo asilolijua, dhidi ya mwanamke aliyepigwa, kwa faida ya kuwadi, na hilo ndo lililomleta yule kijana ufukweni. Ukweli wa Meursault una bei: anausema pale anaposhindwa kuigiza hisia zake mwenyewe, lakini uongo unaomuumiza mtu mwingine anautoa bure. Kumwambia Marie sikupendi ni ukweli, sawa, lakini na hilo analipa nani? Marie.

Mwendesha mashtaka aligusa hiyo barua, sitamnyima haki yake, alimbana Raymond nayo na akataja na ushahidi wa kituoni. Lakini aliitumia kuonyesha kwamba mshtakiwa ana marafiki wachafu, afu akakimbilia tena kwenye jeneza la mama. Mwanamke mwenyewe hakuitwa. Hesabu mashahidi: mkuu wa nyumba ya wazee, mlinzi, Pérez, Céleste mwenye mgahawa, Marie, Masson mwenye nyumba ya ufukweni, Salamano, Raymond. Wanane. Wote ni wa jamii ya mshtakiwa, na mzee mmoja akazungumzia mpaka mbwa. Upande wa marehemu sifuri. Hata jina marehemu hana, ni "Mwarabu", mwanzo hadi mwisho.

Na hapa ndo nasema kicheko ni mtego. Mahakama imesahau aliyekufa kwa sababu iko bize na kahawa. Sisi wasomaji tunaicheka mahakama kwa kuwa bize na kahawa, na tukiwa tunacheka tumemsahau aliyekufa vilevile. Tunafunga kitabu tunamhurumia muuaji kwa kuonewa. Wachambuzi wa baadaye waliliona hili, Conor Cruise O'Brien mwaka 1970 akasema wazi kwamba mahakama ya Wafaransa Algeria isingemkata kichwa Mfaransa kwa kumuua Mwarabu aliyemtolea kisu, na Edward Said mwaka 1993 akalipanua kuwa suala la ukoloni mzima. Wana hoja. Kwenye Algeria halisi ya miaka ya thelathini Mwislamu alikuwa ni mtu wa kutawaliwa, bila uraia kamili, na mlowezi anayejitetea dhidi ya kisu angetoka na kifungo kidogo au bila. Maana yake Camus ili apate kichekesho chake ilibidi kwanza abuni mahakama isiyokuwepo, mahakama ya haki sawa, ndipo aivunje kwa machozi. Kichekesho cha kweli, kile cheusi zaidi, ni kwamba nje ya kitabu Meursault asingehitaji hata kulia.

Je Camus alikuwa hawaoni Waarabu? Ndo inaponichanganya. Mwezi huohuo wa Juni 1939, gazetini, aliandika mfululizo mzima wa makala kuhusu njaa ya Wakabyle, wenyeji wa milimani huko Algeria, akitaja vijiji, mishahara, watoto wanaogombania mapipa ya taka na mbwa. Mtu wa namna hiyo si kipofu. Na hata kwenye riwaya kuna ukurasa mmoja unaomsaliti. Siku ya kwanza gerezani Meursault anatupwa kwenye chumba chenye watu kadhaa, wengi Waarabu. Wanacheka wakimwona. Wanamuuliza kafanya nini. Anasema kaua Mwarabu. Wanakaa kimya. Usiku ukiingia wanamwonyesha jinsi ya kukunja upande mmoja wa mkeka ili upate mto wa kulalia. Afu stori inaendelea na kunguni. Hakuna maelezo, hakuna kushangaa, hakuna asante. Watu pekee kwenye riwaya nzima wenye haki ya kumhukumu wanampa somo la mkeka. Mi hapo siwezi kucheka, na sidhani kama aliyeandika hiyo sehemu alikuwa hajui anachofanya.

Kuna watu watasema naleta siasa kwenye sanaa, kwamba Meursault ni wa kubuni na Mwarabu ni wa kubuni, shida iko wapi. Shida iko kwenye ufundi wenyewe. Komedi ya mtu baridi inategemea msomaji asipewe nafasi ya kumwona aliyeumia, ukimwonyesha mama wa marehemu kwa sentensi tatu tu, ile "kwa sababu ya jua" inaacha kuchekesha. Fananisha na Tumaini wa Kezilahabi kwenye Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975, naye anaua kwa risasi na naye anaishia kunyongwa, lakini Kezilahabi kamweka aliyeuawa kwenye serikali, kwenye sera, kwenye mashamba yanayotaifishwa, kwa hiyo huwezi kusoma mauaji yale kama hali ya hewa. Kitabu hakichekeshi hata kidogo sehemu hiyo. Na Kezilahabi falsafa hizi za Wafaransa alizijua vizuri tu, ila aliandika nchi ambayo kila mtu ana jina.

Aliyekuja kulichukua deni ni Kamel Daoud, mwandishi wa magazeti wa Oran. Mwaka 2013 akachapisha Algiers riwaya inayosimuliwa na Harun, mdogo wa yule aliyeuawa ufukweni, sasa mzee anayelewa baa na kumsimulia mgeni. Ndugu yake anaitwa Musa, hatimaye jina. Ilipochapwa Ufaransa ikazoa tuzo ya Goncourt ya riwaya ya kwanza mwaka 2015. Wengi wanaisifia kwa kumpa marehemu jina na mama, na ni sawa, ingawa kwangu nusu ya kwanza ni malalamiko yanayojirudia hadi yanachosha, mzee analewa anasema kitu kilekile kwa maneno mapya.

Halafu unafika pale Harun naye anapoua. Julai 1962, uhuru ndo kwanza umeingia, Mfaransa mmoja anaitwa Joseph kajificha uani kwao usiku, mama yuko nyuma ya Harun, anapiga. Anakamatwa, anakaa mbele ya afisa wa jeshi la ukombozi, na afisa ana hasira kweli. Si kwamba kaua Mfaransa. Ni kwamba kamuua tarehe mbaya. Angemuua siku chache kabla, vita ikiwa bado, ingekuwa ni mapambano na yeye angekuwa mpiganaji, sasa kamuua baada ya tarehe 5, siku ya uhuru, basi ni nini hiki? Na kwanini hakuwahi kuingia msituni na wenzake? Mfaransa aliulizwa kwanini hukulia, Mwalgeria anaulizwa kwanini hukuwahi, na katika vyumba vyote viwili maiti haina anayeiuliza. Harun anaachiwa bila kesi, bila maelezo, na linalomuuma ni hilo, alitaka ahukumiwe. Daoud angekuwa kaandika kurasa mia za namna hiyo badala ya kumi, angekuwa kampita Camus kwenye mchezo wake mwenyewe.